Damu ya Chiriku

Watu wa mtaani walikuwa wakisema kwamba mambo ya Babu yaliharibika siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Si kweli. Siku ile ulivunjika mguu tu, na mguu ukivunjika huungwa. Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa sita, asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, na yaliharibika kwa tone moja la damu.

Asubuhi hiyo Chiriku aliamka kama kawaida yake. Chiriku lilikuwa jina la utani alilopewa na Babu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita. Mama yake alikuwa mshonaji wa kiwandani na alitoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo kazi ya kumwangalia Babu kabla ya shule ilimwangukia yeye. Aliinjika maji, akafagia ukumbi, kisha akachukua kimfuko cheusi chenye kimashine cha kupimia sukari na kuingia chumbani kwa Babu.

Babu alikuwa ameketi kitandani, mguu wa kulia umelazwa juu ya mto. Ulikuwa mguu wa kutazamwa mara mbili. Nondo nene ya chuma ilisimama nje yake, sambamba na mfupa wa muundi, na kutoka kwenye nondo hiyo misumari mirefu ilipenya ngozi hadi ndani ya mfupa, ikiushikilia usicheze. Watoto wa jirani walipouona mara ya kwanza walitimua mbio. Babu mwenyewe aliviita vyuma hivyo jukwaa.

"Zamani mimi ndiye niliyekuwa napanda jukwaa," aliwaambia waliokuja kumjulia hali. "Sasa jukwaa limenipanda mimi."

Alikuwa fundi wa kupiga lipu. Kuta nyingi za mji ule zilipitiwa na mwiko wake. Aliposhindwa kuvumilia kukaa bure uzeeni alirudi kazini, na huko ndiko alikokanyaga ubao uliooza. Ubao huo alikuwa ameusema mapema. Msimamizi wa jengo alimjibu kwamba mbao mpya zinakuja. Zilikuja kweli, Babu akiwa ameshabebwa, na msimamizi akamwambia kila aliyeuliza kwamba mzee alizembea. Ndivyo wakubwa wanavyogawana lawama: wao hupanga, na aliye chini huzembea.

Hospitalini daktari wa mifupa, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alimweleza Babu vizuri. Alimpa msumari wa mfano aushike.

"Mzee, pitisha kidole hapa kwenye ncha."

"Unakwaruza," Babu alisema.

"Ndiyo. Misumari mingine ni laini, mfupa hauna pa kushika, na baada ya muda hulegea. Huu umepakwa tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Mfupa hukua juu yake na kuung'ang'ania. Lakini wewe una kisukari. Sukari ikiwa juu, mwili hujenga mfupa polepole sana, na vidonda navyo havikauki. Kwa hiyo chuma kitafanya kazi yake na wewe utafanya yako. Sukari ishuke, na ibaki chini."

Babu alisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo, kwa kuwa nusu hiyo ilikuwa ya kazi yake. Fundi wa lipu akikuta ukuta wa zege ulio laini, huchukua nyundo na tindo akautia makovu, ili lipu ipate pa kushika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimweleza Chiriku habari hiyo.

"Huu mguu umetiwa makovu ndani kwa ndani. Ukuta ukishatiwa makovu, lipu haina ujanja. Itashika itake isitake."

"Na sukari, Babu?"

"Sukari ni maneno ya kutishia wazee."

Chiriku aliamini. Kwa nini asiamini? Hakuwahi kuona lipu ya Babu ikibanduka.

Basi Jumatano hiyo aliketi pembeni ya kitanda, akachomeka kijikaratasi cha kupimia kwenye kimashine. Vijikaratasi hivyo vilitolewa hospitali kwa kuhesabiwa. Uani pale palikuwa na magari mapya ya wakubwa, yanaoshwa kila asubuhi, lakini vijikaratasi vilikuwa haba, na nesi alikuwa ameonya kwamba atakayeharibu asirudi kudai vingine.

"Toa kidole, Babu."

"Kipi leo?"

"Chochote chenye damu."

"Basi kaombe kwa jirani."

Chiriku alitoboa. Damu haikutoka. Akatoboa kidole kingine, akakibinya, bado. Ncha za vidole vya Babu zilikuwa zimeliwa na saruji miaka mingi mpaka zikawa ngumu kama soli ya kiatu.

"Unanitoboa kama unafungua gunia la mchele," Babu alilalamika. "Niache."

"Mbona haiumi? Tazama." Chiriku alibadilisha kisindano, akajitoboa mwenyewe. Tone jekundu likachomoza mara moja kwenye kidole chake.

Walilitazama wote wawili. Kimashine kilikuwa kimewaka, kinasubiri.

"Sasa damu imeshatoka," Babu alisema. "Ya nini kupoteza kijikaratasi cha watu? Iweke."

"Lakini ni yangu."

"Kwani wewe si mjukuu wangu? Damu ni ile ile."

Chiriku alicheka, akaiweka. Kimashine kikaandika tano na kidogo. Siku iliyotangulia Babu alikuwa amepata kumi na mbili.

"Unaona?" Babu akasema. "Nimepona."

Lingekuwa jambo la kuchekesha siku moja likaisha. Lakini kimashine kilikuwa na kumbukumbu. Kila kipimo kilibaki ndani, na nesi alikisoma kila walipokwenda kliniki. Alikuwa amesema wazi kwamba sukari ikizidi kupanda, Babu atarudishwa wodini akadungwe sindano na kuangaliwa. Babu hakuitaka wodi ile. Bibi alifia humo mwaka uliopita, akimsubiri daktari wa zamu ambaye mpaka leo hajulikani alikuwa wapi. Aliyekuja asubuhi alisema pole, akatia saini, akaenda zake. Tangu hapo Babu akipita mbele ya jengo lile hugeuza uso.

Chiriku alilijua hilo. Kwa hiyo Alhamisi, Babu alipokunja ngumi na kusema vidole vyake vinauma, hakubishana naye. Alitoa chake. Ijumaa hakuna aliyeuliza kidole cha nani. Babu naye alianza kutia sukari kwenye chai, kwanza kijiko kisichojaa, baadaye vijiko vilivyojaa. Mchana alimtuma mpita njia soda.

"Babu, daktari alikataza."

"Daktari alinipa chuma kizuri. Mimi namshukuru kwa kukiamini."

Mama aliporudi jioni aliuliza swali lile lile kila siku, akivua viatu mlangoni. "Sukari ya Babu vipi leo?"

"Tano," Chiriku alijibu, na mama akashusha pumzi. Huyu msichana aliyekuwa na maneno kuanzia mlangoni hadi jikoni akawa hana la kuongeza.

"Chiriku wetu anaumwa?" mama alimuuliza Babu.

"Anakua," Babu akasema.

Siku ya kliniki ilipofika, nesi alikibonyeza kimashine na kusoma, akapandisha nyusi.

"Mzee, hii sukari ya kijana wa sekondari. Unakula nini?"

"Namsikiliza mjukuu wangu."

"Wangekuwa wote kama wewe, sisi tungefunga kliniki tukalale." Nesi akamsifu na Chiriku pia, akamwita nesi mdogo. Chiriku alitazama sakafu. Vidole vyake alikuwa amevifumbata ndani ya mikono ya sweta.

Daktari hakucheka. Aliibandika ukutani, kwenye taa, ile picha ya mguu iliyopigwa asubuhi hiyo kwa eksirei, akaitazama muda mrefu. Kisha akauinamia mguu wenyewe. Kuzunguka misumari miwili ya chini ngozi ilikuwa imevimba, na majimaji ya njano yalikuwa yakichuruzika. Aliigusa misumari hiyo kwa kidole. Ikacheza.

"Hii si kawaida," alisema. "Hapa mfupa ungekuwa umeanza kuishika. Hapa palipovunjika pangekuwa na ukungu mweupe, mfupa mpya. Hapana kitu."

Akavua miwani, akaifuta.

"Sukari ingekuwa juu, ningeelewa. Lakini sukari yako ni nzuri. Kwa hiyo kosa ni la chuma. Hili tabaka halijafanya kazi, na mimi ndiye niliyelisifu. Nitaliandika hivyo, na tutasimamisha kuwawekea wagonjwa wengine wa kisukari. Wewe, mzee, utarudi chumba cha upasuaji wiki ijayo. Nitaitoa misumari hii na kuweka minene zaidi. Isiposhika hiyo nayo..." "Sitaki kukuficha. Usaha ukiingia kwenye mfupa, tutazungumza habari ya kuukata mguu."

Babu alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa bei. Akaomba magongo yake.

Kwenye korido, palipokuwa na mabenchi yaliyojaa watu, Chiriku alimshika shati.

"Babu, tukawaambie."

"Tukawaambie nini?"

"Damu."

"Nyamaza wewe." Babu alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Umesikia alichosema? Kosa ni la chuma. Umeshawahi kumsikia mkubwa yeyote anasema kosa ni lake? Msimamizi hakusema. Waliomwacha bibi yako afe hawakusema. Leo mmoja amekiri kwa kinywa chake, halafu mimi nikamfutie?"

"Lakini safari hii kosa si lake."

"Liwe lake hata kwa siku moja."

"Na mguu, Babu?"

Babu alikuwa akiyatazama magongo yake. Chiriku aliona kwamba babu yake hakuwa mjinga hata kidogo; alijua. Alikuwa tayari kuupoteza mguu, mradi mtu mwingine ndiye alaumiwe. Na aliona jambo jingine. Kwenye benchi mbele yao aliketi mwanamke mwenye mkono uliovunjika, umefungwa vibao, akisubiri kuwekewa chuma kama cha Babu, na mapajani alishika kimfuko cheusi cha kupimia sukari. Huyo naye atawekewa misumari laini, kwa sababu ya kidole cha Chiriku.

"Nimesahau sweta," alisema.

"Sweta si umelivaa?"

Chiriku alikuwa ameshageuka. Alibisha mlango wa daktari, akaingia kabla hajaitwa.

Daktari alikuwa akiandika. "Umeacha kitu?"

Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, ya kuanzia na shikamoo na kumaliza na samahani. Yote yalimtoka. Alikunjua mikono ya sweta, akaviweka vidole vyake kumi mezani, juu ya karatasi za daktari. Kila ncha ilikuwa na vidoti vyeusi vya kutobolewa.

"Ile damu ni yangu," alisema.

Daktari alivitazama vidole hivyo. Aliweka kalamu chini. "Yote?"

"Tangu Jumatano ile. Chuma hakina kosa."

Hakupigiwa kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Daktari alitoka mwenyewe kumwita Babu. Mzee aliingia akimtazama Chiriku kama mtu asiyemfahamu.

"Umeniuza," alisema.

Daktari alimwagiza nesi alete beseni la maji ya uvuguvugu. Babu akatumbukiza mkono, akaambiwa autikise, kisha nesi akamtoboa pembeni mwa kidole, si kwenye ncha. Damu ikatoka bila shida. Kimashine kikaandika kumi na saba.

Nje mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Pembeni," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Hatukuonyeshwa pembeni."

Nesi alitazama dirishani.

"Ni kweli, hamkuonyeshwa," daktari alisema. "Na kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Hakidanganyiki. Dawa ya maabara ya kukifanyia haijaletwa hapa tangu mwanzo wa mwaka. Nilipaswa kuwakera wakubwa wangu mpaka iletwe, na sikuwakera vya kutosha. Kosa hilo ni langu, mzee, nawe una haki ya kunilaumu. Lakini nijibu swali la kazi yako. Ukuta umeutia makovu vizuri. Halafu wanakuletea mchanga wenye udongo. Unapiga lipu. Inakuwaje?"

Babu alionekana hataki kujibu, lakini fundi akiulizwa kazi yake huwashwa ulimi.

"Inashika siku mbili tatu," alisema hatimaye. "Halafu inabanduka yote, na makovu yake."

"Mimi nimeutia makovu. Anayejenga si mimi wala si chuma; ni mwili wako, na sukari ndiyo udongo kwenye mchanga wake. Nilikueleza. Labda nilieleza haraka."

"Ulieleza," Babu alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshatoka mbio na tindo langu."

Alilazwa wodini siku hiyo hiyo. Chiriku alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na mama, aliposimuliwa yote, alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. "Tano," alirudia. "Kila siku tano." Hakumpiga. Alimwambia tu kwamba kuanzia hapo neno lake litasubiri kidogo kabla ya kuaminiwa, na kwamba imani hiyo ataipata tena hivyo hivyo alivyoipoteza, siku moja baada ya nyingine.

Babu hakusema naye kwa siku kadhaa. Chiriku alimpelekea chakula kila alipotoka shule; mzee alikula akilalia ubavu, akiangalia ukuta. Siku moja Chiriku alikuta kitanda cha jirani kina mgonjwa mpya anayekataa kutobolewa, naye Babu amejiinua kwenye mto, anamfundisha.

"Pembeni, bwana, pembeni. Tumbukiza mkono kwenye maji kwanza. Hata mjukuu wangu anajua, na ni mtoto mdogo tu. Mdomo wake hauna kufuli, lakini anajua." Akamwona Chiriku mlangoni. "Wewe, umesimama kama nguzo ya umeme. Leta hicho chakula. Hakina sukari?"

"Hakina hata chumvi," Chiriku alisema.

"Hiyo sasa ni kulipiza kisasi."

Misumari miwili iliyolegea ilitolewa na mingine minene ikawekwa mahali pengine, yenye tabaka lile lile. Usaha ulikauka kwa dawa. Babu alijifunza kujidunga sindano ya insulini, akaacha soda, akawa anakunywa chai kavu isiyo na sukari na kuitukana kila asubuhi. Kidole alikitoa mwenyewe. Sukari ilishuka taratibu, kuna siku ilipanda bila sababu, ikashuka tena. Kwenye eksirei, pale palipovunjika, ukaonekana ukungu. Mwezi uliofuata ukungu huo ulikuwa mzito zaidi.

Siku ya kutolewa jukwaa, daktari alilazimika kuizungusha ile misumari kwa ufunguo maalumu, akijisukuma kwa bega. Haikutaka kutoka.

"Unaona ilivyoshika?" aliuliza, akihema.

"Naisikia," Babu alisema, akiwa amekunja uso.

Daktari aliufunga mguu kwa bandeji, akamgeukia Chiriku. "Wewe, nataka uondoke na jambo moja. Ulimdanganya nesi kwa kumpenda babu yako, asirudi wodini. Najua. Lakini sisi tunatibu kile tunachoambiwa. Ukiniambia uongo, hata mkono wangu ukiwa mzuri na chuma kikiwa kizuri, nitatibu uongo, na mgonjwa atabaki pale pale. Na yule mama mwenye mkono uliovunjika, aliyekuwa akisubiri kwenye korido siku ile, amewekewa misumari hii kwa sababu ulirudi ukabisha mlango. Ukweli wako haukumtibu babu yako peke yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nilielewa kwenye lipu."

Nesi alicheka. Babu alisimama kwa gongo moja, akapima uzito wa mguu, kidogo, halafu kidogo tena. Chiriku hakusogea kumshika, alikuwa akifikiri.

"Daktari," alisema, "Babu sukari yake ilikubali kushuka. Wapo ambao wanajitahidi, wanasema ukweli, na haishuki?"

"Wapo. Wengi."

"Hao tabaka hili litawashika?"

Daktari aliikunja bandeji iliyobaki. "Wako watu wanaotafuta," alisema. "Wanajaribu matabaka mengine, yenye dawa ndani yake. Mengine yamefanya vizuri kwa wanyama. Kwa watu bado hatujui."

"Mtajua lini?"

Daktari alimtazama nesi, nesi akatazama mlango uliokuwa wazi. Nje benchi lilikuwa limejaa, na karibu kila mtu alikuwa na kimfuko cheusi mapajani.

"Na mpaka hapo," Babu akauliza, akiwa ameegemea gongo lake, "hawa hapa nje mtawaambia nini?"